Kanali wa Mikalitusi

"Funga lango!"

Sauti ilitoka juu, juu kabisa, mahali ambapo binadamu mwenye akili timamu hawezi kukaa. Ilikuwa sauti kavu, yenye mikwaruzo, sauti ya mtu aliyezoea kutiiwa. Otilia Maidana, aliyekuwa uani akisuuza sufuria, aliinua uso. Lango lilikuwa limefungwa. Njiani hapakuwa na ng'ombe wala mgeni. Palikuwa na ile safu ya mikalitusi tu, aliyoipanda baba mkwe wake ili ikinge nyumba na upepo, na humo matawini viota vya kasuku vilivyosukwa kwa vijiti vya miiba, vingine vikubwa kuliko meza ya chakula, vikibubujika makelele.

"Funga lango, we mpumbavu!"

Sufuria ilimponyoka. Otilia akaketi palepale, juu ya beseni lililopinduliwa, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea.

"Coronela," alisema. "Mshenzi wewe. Kumbe uko hai."

Coronela, yaani kanali wa kike, alikuwa kasuku wake: kijani mgongoni, kijivu kifuani, mdogo wa mwili, mkubwa wa mdomo. Alikuwa ameruka kutoka jikoni mwanzoni mwa masika ya huko kusini, mwezi wa tisa, na kosa lilikuwa la Otilia mwenyewe. Kijiji kizima cha Tres Talas kinajua kwamba bawa la kasuku hukatwa mwezi ukiwa unapungua. Hukatwa moja tu, la kushoto, ili akijaribu kuruka azunguke na kuangukia ubavu. Ukilikata mwezi ukiwa unakua, manyoya nayo hukua, na ndege wako ataondoka kabla hujarudisha mkasi kwenye droo. Kazi hiyo ilikuwa ya Anselmo, mumewe. Kila mara alitoka kwanza uani, akatazama angani, akarudi ndani akasema, "Leo sawa," au, "Bado." Kisha Anselmo akafa kwa ugonjwa wa mapafu, katikati ya baridi ya Julai. Mazishi yalipopita, Otilia alichukua mkasi akalikata bawa bila kutazama juu. Angetazama juu kufanya nini? Siku zile alikuwa amenuniana na wote wakaao huko.

Basi mwezi ulikuwa unakua. Manyoya yakaota, Coronela akaenda zake, na majirani wakasema masikini Otilia, kapoteza mume na kasuku kwa mwaka mmoja.

Hata hilo neno la lango lilikuwa la Anselmo. Kule, lango likiachwa wazi, ng'ombe hutoka na asubuhi nzima inapotea kwa kuwafukuza. Na hakuna aliyeliacha wazi kama jirani yao, Rufino Zapelli, rafiki wa Anselmo tangu utotoni. Miaka nenda miaka rudi Anselmo alisimama mlangoni akampigia kelele, "Funga lango, we mpumbavu!" mpaka Rufino akajifunza kulifunga na kasuku akajifunza kulisema.

Otilia alijifuta macho kwa aproni, akaenda chini ya mkalitusi wa katikati, uliokuwa na kiota kikubwa kupita vyote. Hakumtambua Coronela. Kasuku walikuwa wengi, wote kijani, wote wakigombana kwa wakati mmoja. Lakini ukingoni mwa kiota, kati ya vijiti vya miiba, kulikuwa na kitu cha bluu kinachong'aa. Alikaza macho. Ilikuwa sindano yake ya kufumia, ile iliyotoweka dirishani mwezi uliopita na kumfanya amshuku paka.

*

Sasa tusidanganyane. Kasuku hawa ni wezi. Alizeti ikianza kukomaa, hutua juu yake kwa mamia, hula mbegu moja na kudondosha tatu, kisha huhamia ua jingine kana kwamba lile la kwanza limewaudhi. Ndiyo maana kila mwaka, mwanzoni mwa Desemba, joto likianza kuchoma na vifaranga vikiwa vimenona, watu wa Tres Talas huangusha viota. Siku hiyo huitwa Siku ya Viota, na mpita njia akiiona atadhani ni harusi. Wanaume huja na ngazi na pembo, ile mianzi mirefu yenye kulabu ya chuma nchani. Kiota hudondoka kwa kishindo, watu hushangilia. Vifaranga hutiwa magunia, na wanawake huvinyonyoa na kuvipika kwa mchuzi, vikaliwa siku hiyohiyo na polenta, ule ugali wao wa manjano. Vinavyobaki hulowekwa ndani ya siki na majani makavu ya kunukia kwa ajili ya Krismasi. Hata miiba ya viota hugawanywa, kila nyumba na fungu lake, maana hakuna kuni zinazowasha tanuri la mkate upesi kama hizo.

Na mkuu wa sufuria siku hiyo, kwa muda mrefu kuliko watu walivyoweza kukumbuka, alikuwa Otilia. Siki yake ilisifiwa hadi vijiji vya ng'ambo ya mto. Mikono yake ilikuwa ikimaliza kifaranga kabla hujasema amina.

Coronela mwenyewe alitoka katika gunia kama hilo. Otilia alimtoa, kisu mkononi, kifaranga kitupu kisicho na unyoya, na kifaranga kikamng'ata kidole gumba. Akakitikisa, hakikuachia. Akakining'iniza juu ya maji yanayochemka; kikazidi kung'ata. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Ndipo Anselmo aliposema, "Huyo ni kanali, mke wangu. Huyo hapikwi." Akaundiwa kizimba cha waya, kikatundikwa karibu na dirisha la jikoni, akalishwa mkate uliolowekwa kwenye maziwa.

Waliishi vizuri, Otilia na Coronela, isipokuwa kwa jambo moja. Kasuku yule hakuacha kuokota vijiti. Njiti za kiberiti, nyuzi za ufagio, mabua ya vitunguu, chochote kilichopita karibu na mdomo wake alikisokota kwenye waya za kizimba, kimoja juu ya kingine, kwa bidii ya mtu mwenye miadi. Na kila Jumamosi Otilia alifagia, akavichomoa vyote, akavitupa motoni.

"Unajenga nini, mwehu wewe?" alikuwa akimwuliza. "Nyumba si unayo?"

Jumapili asubuhi Coronela alianza upya.

*

Rufino Zapelli alikuja siku ya Jumatano, akafunga lango nyuma yake, akaketi kivulini. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya upole, na alimiliki kombaini ya pekee katika eneo lile. Mashine hiyo ilivuna mashamba ya kila mtu, zamu kwa zamu. Otilia akampa kibuyu cha yerba ya moto, ile chai yao chungu ya majani, naye akanyonya kwa mrija mpaka kikalia.

"Doña Otilia, Jumamosi tunaanzia kwako kama kawaida," alisema. "Toa sufuria zako stoo."

"Jumamosi hamji kwangu."

"Una mgeni?"

"Ninaye. Anakaa juu."

Rufino akatazama juu. "Sioni mtu."

"Coronela karudi. Yuko kwenye kile kiota kikubwa. Kaolewa, kajenga, kaniibia na sindano."

Rufino akacheka kwa nguvu, kitambi kikatikisika. Alipoona anacheka peke yake, akanyamaza. "Ngoja nielewe. Unataka tuache viota vyote vya mikalitusi yako, kwa ajili ya kasuku mmoja ambaye ndugu zake umewala wewe mwenyewe? Tena kwa siki?"

"Niliwala. Walikuwa watamu. Sasa sitaki."

"Basi tuoneshe yupi wako, tutamwacha."

"Mkishaangusha nyumba mtamwacha wapi? Hewani?"

"Doña, alizeti yangu iko ng'ambo ya waya huu hapa. Hao wako wakishiba kwako, wanakuja kwangu kushushia."

"Hilo ni kweli," alisema Otilia. "Sikukatalii."

"Sasa?"

"Sasa sitaki, Rufino. Nifanyeje? Ningekuwa na sababu nzuri zaidi ningekupa."

Rufino akageuza kibuyu mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyebeba jeneza la Anselmo upande wa kichwa. Alizungumza taratibu, akitazama viatu vyake. "Mwite ashuke. Akija, mtie kizimbani, kata bawa, na safari hii utazame mwezi. Sisi tuangushe viota, kila mtu abaki na chake. Usipofanya hivyo, Februari kombaini yangu haitaingia shambani kwako. Sisemi kwa hasira. Hapa mtu anasaidiwa kwa sababu anasaidia. Ndivyo tulivyo."

Alizeti ya Otilia ilikuwa riziki yake ya mwaka mzima. Ikiozea shambani angelazimika kumwachia mtu mwingine ardhi, pengine huyuhuyu Rufino, akahamie chumba cha nyuma kwa wifi yake Benicia, akale kwa kuangalia nyuso za watu. Rufino alilijua hilo, na yeye alijua kwamba Rufino analijua.

"Yerba imepoa," alisema Otilia hatimaye. "Nikuongezee maji?"

"Hapana. Fikiri."

Akaenda, akafunga lango.

*

Usidhani Otilia alikuwa jabali. Alifikiri, na kadiri alivyofikiri ndivyo maneno ya Rufino yalivyozidi kuonekana ya busara. Ijumaa alfajiri alitoka uani, akatazama angani kwa mara ya kwanza tangu Julai. Mwezi ulikuwa umebaki kipande, unapungua. Leo sawa. Akanoa mkasi, akautia mfukoni mwa aproni. Akakipeleka kizimba chini ya mkalitusi, akaweka ndani mkate wa maziwa, akaacha mlango wazi, akaanza kuita.

"Coronela! Njoo, mama. Njoo kipenzi."

Aliita mpaka koo likakauka. Kasuku waliingia na kutoka viotani mwao bila kumjali. Aibu ikamshika: mwanamke wa umri wake, kwenye jua, anabembeleza mti. Akachukua ufagio afagie majani, walau ionekane ana kazi.

Ndipo kasuku mmoja aliposhuka, akatua kwenye ufagio wenyewe, karibu kabisa na mkono wake. Akageuza kichwa, akamtazama kwa jicho moja. Mkate ulikuwa pale, mlango wa kizimba wazi. Kasuku aliutazama mkate kama mtu anavyotazama nguo zake za utotoni. Kisha akainama, akachagua unyuzi mmoja wa ufagio, akauvuta, ukagoma, akaukanyaga kwa mguu akauvuta tena, akauchomoa. Akaruka nao juu.

"Mwizi!" Otilia alifoka. "Mkate hukuuona? Nimekulea kwa mkono wangu! Hata salamu?"

Ilimuuma, sitaficha. Alikuwa amemngojea yule ndege miezi mitatu, na ndege hakuhitaji kwake ila takataka. Alisimama akimfuata kwa macho. Unyuzi ukafika kiotani, ukaingizwa hapa, ukatolewa, ukaingizwa pale, ukavutwa ukakaa, kando ya sindano ya bluu. Kazi ileile. Shingo ikiinama vilevile, mguu ukikanyaga vilevile, kama pale dirishani. Tofauti ni kwamba huku juu hakukuwa na Jumamosi.

Otilia akahesabu moyoni Jumamosi zake zote, akashindwa. Alikuwa akidhani anaondoa uchafu.

Akakirudisha kizimba stoo. Huko stoo, nyuma ya sufuria kubwa za Siku ya Viota, kulikuwa na mnyororo wa zamani wa kufungia fahali, na kufuli lake.

*

Tres Talas malango hufungwa, hayapigwi kufuli. Kufuli maana yake umewaita majirani zako wezi. Kwa hiyo Jumamosi, matrekta yalipofika na ngazi, pembo, masufuria na watu wamejipanga juu ya matela wakiimba, wimbo ulikatika safu kwa safu kadiri watu walivyouona ule mnyororo. Otilia alikuwa amesimama nyuma ya lango, mikono ndani ya aproni.

Wifi yake Benicia alishuka wa kwanza. Alikuwa mwembamba, mkali wa ulimi, dada pekee wa marehemu Anselmo.

"Wifi, umetutukana," alisema kwa sauti ya chini.

"Najua."

"Kaka yangu hajamaliza mwaka kaburini, wewe unatuvua nguo mbele za watu. Kwa kasuku!"

"Kaka yako ndiye aliyempa cheo."

"Usinichekeshe, nina hasira!" alisema Benicia, na kweli alikuwa karibu kucheka, jambo lililomzidishia hasira.

Rufino hakushuka kwenye trekta. Akabonyeza honi, ikalia ndefu. Mikalitusi ikalipuka. Kasuku wote walitoka kwa pamoja, wingu zima la kijani likizunguka juu ya nyumba, kelele zikawafanya watu wainamishe vichwa. Kutoka katika wingu lile mmoja akadondoka moja kwa moja, akatua begani kwa Otilia, akajibanza chini ya sikio lake, anatetemeka.

Rufino akainuka kwenye kiti chake.

"Si huyo hapo!" Rufino akapaza sauti, na furaha yake ilikuwa ya kweli, uso mzima ulikunjuka. "Si huyo Coronela! Haya, yamekwisha. Umempata ndege wako, Doña. Mkasi nauona mfukoni, na mwezi uko sawa. Mpeleke ndani, utufungulie."

Watu wakapumua, wakacheka. Mtu akagonga sufuria. Benicia akashika kifua akasema, "Asante Mungu."

Na Otilia naye, kwa kitambo, alifurahi. Kila kitu alichokitaka kilikuwa kimerudi kwa mkupuo mmoja: ndege, mavuno, majirani, sifa ya siki yake. Moyo wa Coronela ulikuwa unampiga shingoni, mbiombio. Mdomo ulikuwa umeshika ncha ya sikio lake kwa ulaini, ule mdomo uliowahi kung'ang'ania kidole chake juu ya maji ya moto. Akamchukua kwa mkono wa kulia. Kwa wa kushoto akalikunjua bawa, kama alivyomwona Anselmo akifanya, akalinyoosha juani.

Lilikuwa bawa zima. Manyoya marefu, ya bluu ukingoni, hakuna hata moja lililopungua. Yote yalikuwa yameota kwa kosa lake. Maishani mwake alikuwa amefanya mambo mengi kwa uangalifu, na hakuna lililotokea zuri kama hili.

"Doña Otilia," Rufino akaita. "Mkasi."

"Nenda kwako," Otilia alimwambia kasuku. Akamrusha.

Alimrusha kwa nguvu, kama mtu anayetupa jiwe. Coronela akapepesuka, akakamata hewa, akapanda, akaingia katikati ya wenzake. Kijani kikaingia kwenye kijani. Otilia akamtafuta kwa macho, akampoteza, akageuka kuwatazama watu.

"Haya, Don Rufino. Yupi wangu?"

Rufino akatazama juu. Wote wakatazama juu.

"Unaniuliza mimi?"

"Mimi simjui tena. Jumatano uliniambia utamwacha wangu. Basi nioneshe utaanza na kiota kipi."

"Doña, usinifanye mjinga mbele za watu."

"Sikufanyi kitu. Lango langu lina kufuli, mikalitusi ni yangu, waya huu hata mbuzi anaweza kuuruka. Ruka. Nani anaanza?"

Wanaume waliokuwa na pembo wakatazamana. Ni kweli kwamba waya ule ungeweza kurukwa na mbuzi. Lakini kuruka waya wa mjane, mbele ya macho yake, akiwa amesimama na mkasi, hilo kila mmoja alitaka mwenzake alianze. Jua likapanda. Mtu akakohoa. Mwishowe Rufino akawasha trekta.

"Unaujua mwezi wa Februari," alisema.

"Naujua. Huja baada ya Januari."

Waliondoka bila kuimba. Benicia alipanda tela la mwisho, hakugeuka nyuma. Otilia alibaki ameshika nguzo ya lango mpaka vumbi likatulia. Kisha akafungua kufuli, akalitupa kwenye shimo la takataka. Lilikuwa limefanya kazi yake.

*

Februari ikaja. Alizeti ikainamisha vichwa, ikakauka, ikawa nyeusi. Usiku na mchana kombaini ilinguruma: kwa fulani, kisha kwa fulani, kisha ikazunguka shamba la Otilia na kuanza kwa fulani mwingine. Naye akatoa kisu cha kuchinjia, akavaa kofia ya Anselmo, akaingia shambani.

Alifanya kama walivyofanya bibi zake kabla ya mashine. Unakata kichwa cha ua kwa mshazari, unabaki na bua lililochongoka, unakichomeka kichwa juu ya bua lake lenyewe, uso chini, kikauke. Kikishakauka unakusanya, unatandika turubai, unapiga kwa fimbo. Mikono ilivimba siku ya kwanza. Siku zilizofuata iliacha kuwa mikono, ikawa vifaa tu. Na kasuku walikula. Walikula mbele yake, juu yake, nyuma yake, bila hata haya ya kungoja apite.

"Coronela!" alipiga kelele akiwarushia madongoa. "Kama na wewe umo, laana ikushukie! Nimegombana na dunia nzima kwa ajili yako, nawe unaniletea ukoo!"

Akarusha dongoa jingine, wakaruka, wakatua hatua tano mbele. Akaendelea kukata. Watu waliopita barabarani walipunguza mwendo wamtazame. Hakuwapungia mkono, wala hakuinamisha kichwa.

Asubuhi moja alisikia bua linakatika mahali ambapo yeye hayupo. Akainuka. Benicia alikuwa mstari wa pili, kitambaa kichwani, kisu mkononi.

"Usiniambie neno," alisema Benicia. "Bado nina hasira."

"Sijasema."

"Ukipenda boga, upende na ua lake, sawa, walitufundisha. Hakuna aliyetufundisha kupenda na wadudu wake."

"Kata, wifi. Kwa mshazari."

"Nilikuwa nakata alizeti wewe hujaolewa," alisema Benicia, akakata.

Wakaenda hivyo, mstari kwa mstari, wakigombana. Nusu ya shamba ilikuwa bado imesimama siku Rufino Zapelli alipokuja. Lango halikuwa na kufuli. Akafungua, akapita, akafunga. Upande wa kusini anga lilikuwa limegeuka rangi ya risasi. Alisimama ukingoni mwa shamba, kofia mkononi, akitazama vile vichwa vyeusi vilivyochomekwa juu ya mabua yao, safu hadi safu. Hakuwa ameona kitu hicho tangu mama yake alipofariki.

"Mvua inakuja," alisema.

"Naiona," alisema Otilia, bila kuacha kukata.

"Hii iliyosimama itaoza yote."

"Huenda."

Rufino akasogea, akashusha sauti ili Benicia asisikie, na Benicia akaacha kukata ili asikie. "Kombaini iko pale barabarani. Naweza kumaliza kabla ya tone la kwanza. Sema neno moja tu, Doña. Watu wanataka kulisikia, mimi nitawafikishia. Sema ulikosea."

Otilia akainuka. Mgongo ulichukua muda. Alimtazama rafiki wa mumewe, yule aliyebeba jeneza upande wa kichwa, na hakuwa na chuki naye hata chembe. Alitazama anga, alitazama alizeti iliyosimama. Ilikuwa nyingi.

"Nilikosea mwezi," alisema. "Hilo tu."

Rufino akavaa kofia. Akageuka bila kuaga, akakanyaga kwa nguvu mpaka langoni, akalisukuma kwa teke, akatoka akaliacha wazi, wazi kabisa, linayumba kwa upepo wa mvua. Hakuwa amelifanya hilo kwa miaka mingi.

"Funga lango!"

Rufino akasimama katikati ya barabara, mgongo kwao. Mbele yake kombaini ilikuwa inangoja, nyekundu, mdomo umeinuliwa.

"Funga lango, we mpumbavu!"

Upepo ulikuwa umeanza kuinamisha mikalitusi. Huko juu kelele zote zilikuwa zimenyamaza ila ile moja, kavu, yenye mikwaruzo, haikuomba wala haikubembeleza. Rufino akavua kofia, akajifuta uso kwa mkono. Kisha akageuka, akarudi polepole mpaka langoni, akalishika.

Otilia hakungoja kuona angelifunga akiwa upande gani, wa barabara au wa shamba. Aliinama, akakata kichwa kingine, akakichomeka juu ya bua lake.